Kila Akifungua, Ukurasa wa Kwanza

"Marahaba. Imenirudisha tena."

Siku hizo shangazi yangu aliipokea shikamoo yangu kama mtu anayeruka dimbwi. Hakuuliza nimeamkaje, hakuuliza mama anaendeleaje. Aliruka, akatua kwenye shauri lake.

"Imekurudisha mpaka wapi, shangazi?"

"Unaniuliza mpaka wapi! Mpaka mwanzo. Mpaka kwenye jina la kitabu. Jana nimeiacha mbali huko, watu wameshaoana. Leo naiwasha kompyuta, imenisimamisha nje kama sijawahi kuingia."

Mimi nilikuwa Kibaha, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mama. Yeye alikuwa Kibuta, huko Kisarawe. Nikamwambia ashuke mpaka alipoishia. Akasema haya, anashuka. Nikasikia kidole chake kikigonga kitufe, tak, tak, tak, taratibu kama mtu anayepima njia kwa fimbo, nami nimekaa na simu sikioni nimeuma meno, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Kikatokea. Kidole kikanyamaza.

"Shangazi?"

"Subiri. Hapa nimeandika 'aliinuka' mara mbili."

Basi siku hiyo ikawa imekwisha. Angerekebisha hapo, kisha mstari unaofuata, kisha angeona kwamba kwa kuwa mstari huo umebadilika, ule wa juu yake nao hauko sawa. Macho yangechoka kabla hajafika sura ya pili, na riwaya yake ambayo ilikuwa imefika sura ya tisa ingebaki hapo hapo sura ya tisa.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili dogo lilinikosesha raha kiasi kile. Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi ya kupiga chapa ofisini Dar es Salaam maisha yake yote, akastaafu, akahamia shambani Kibuta na mumewe. Mumewe alipofariki, akaanza kuandika hadithi ya nesi wa zahanati ya kijijini. Hakumwambia mtu mpaka ilipokuwa nene. Kisha kisukari kikaingia machoni. Daktari alimweleza bila kuzunguka: wanaweza kujaribu kulinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi, na hata hicho kilichobaki hakina dhamana. Aliporudi kutoka huko alinipigia simu akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Nataka niimalize nikiwa bado naiona."

Nilimwambia mimi nitamwandikia, yeye aseme tu. Nilidhani nimetoa wazo jema.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote ile ofisini watu walisema, mimi nikaandika. Haya ni yangu. Siyasemi kwa mtu."

Kwa hiyo macho yake yalikuwa na kazi moja tu iliyobaki, na kila siku kompyuta ilikuwa inayatumia macho hayo kwenye ukurasa wa kwanza.

Na kompyuta ile niliipanga mimi.

Mimi ni mtengenezaji wa programu niliyejifundisha mwenyewe. Sina cheti. Nilianza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikisoma mafunzo ya bure kwenye mtandao, nikaja kupata kompyuta ya mtumba ambayo mpaka leo inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hakuna aliyemwambia kipi cha lazima na kipi si cha lazima, basi kwake kila kitu ni cha lazima. Nikiona nafasi mbili mahali panapotakiwa nafasi moja, siendelei mpaka niifute moja. Natuma kazi kwa mteja, kisha naifungua upya kuhakikisha nilichotuma ndicho nilichotuma, kisha naifungua tena kuhakikisha kwamba kule kuifungua hakukuiharibu. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyepewa kompyuta ya shangazi aitengeneze.

Ilikuwa imejaa takataka na ilikuwa inawaka polepole. Ndani yake kulikuwa na ile programu kubwa ya kuandikia ambayo kila ofisi inayo, yenye vitufe na mapambo kama gari la harusi. Wakati huo nilikuwa na imani kali, kama ya mtu aliyeokoka juzi, kwamba maandishi yanatakiwa yawe matupu. Herufi na mistari, basi. Nikaifuta programu ile. Sikumwuliza. Nikamwekea kihariri kidogo tunachotumia sisi tunaotengeneza programu, ukurasa mweupe usio na kitu, nikamkuzia herufi, nikamwambia, "Sasa hakuna cha kukusumbua."

Kihariri hicho kilikuwa na mpangilio wa kukumbuka ulipoishia. Ukilifungua faili tena, kinakurudisha palepale. Nilikuwa nimeuzima. Niliuzima kwenye kompyuta yangu na nikauzima kwenye yake, kwa sababu nilitaka programu isiyoacha alama zake popote. Kwangu haikuwa tatizo. Mimi naandika namba ya mstari, naruka. Macho yangu ni ya kijana, na mafaili yangu ni mafupi.

Yake lilikuwa faili moja, riwaya nzima. Na kwa ukubwa wa herufi aliouhitaji, kioo kilibeba mistari michache tu. Kutoka jina la kitabu mpaka sura ya tisa ilikuwa safari, na njiani kote kulikuwa na sentensi zake mwenyewe zimesimama zikimwita. Mpiga chapa wa zamani hapiti kosa. Ofisini kwao kosa moja lilikuwa linamaanisha kuchomoa karatasi na kuanza upya. Huwezi kumwambia mtu kama huyo afumbe macho apite.

Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na mvua. Baada ya muda ikawa manyunyu. Kisha mawingu tu. Siku moja alinisomea kwenye simu kwamba nesi anatembea kwenye jua kali mpaka gauni linamganda mgongoni, nikafurahi, nikajua tumefika sura mpya.

"Sura mpya ipi? Ni palepale. Nimeona mvua ile ilianza mapema mno."

Aliniambia tena na tena kuhusu mashine yake ya ofisini. "Ukiinuka kwenda kunywa chai, karatasi inabaki ilipo. Ukirudi, herufi yako ya mwisho inakutazama. Nani ameona karatasi inajichomoa yenyewe na kujirudisha mwanzo?"

Nilianza kumweleza kwamba faili lenyewe halijui msomaji yuko wapi, kwamba mahali pa kijiti, kale kamstari kanakopepesa kukuonyesha herufi inayofuata itaangukia wapi, hapahifadhiwi ndani ya maandishi bali pembeni, na programu.

"Mwanangu. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza lini."

Kabla ya dawa, nikampa kitulizo. Nikamwambia kila akimaliza kuandika, aandike kwa herufi kubwa NIMEISHIA HAPA, na kesho yake ayatafute maneno hayo kwa kitufe cha kutafutia. Ni ujanja wa zamani, na unafanya kazi, ila kwa mtu anayekumbuka kuyafuta kabla hajaendelea. Yeye akiipata sentensi yake alikuwa anaendelea nayo kwa furaha, na alama inabaki nyuma. Baada ya wiki chache riwaya ilikuwa na NIMEISHIA HAPA nyingi, na kutafuta kulimpeleka kwenye ile ya kwanza, ambayo ilikuwa karibu na mwanzo. Tukawa tumerudi tulikokuwa, na maandishi yamechafuka juu yake.

Alikuwa na kawaida ya kupeleka flashi Kisarawe mjini kuchapisha kurasa kwenye steshenari, kisha jirani yake anazisoma kwa sauti barazani huku yeye anasikiliza kama mwenye kesi. Jirani huyu ni mwanamke wa rika lake, ulimi wake hauna breki. Siku moja walifika kwenye harusi ya nesi. Bwana harusi ananyoosha mkono, shehe anakohoa, watu kimya, na hapo katikati ya mstari: NIMEISHIA HAPA.

Jirani akaweka karatasi chini. "Huyu bwana ana adabu kweli? Ndoa haijafungwa, ameshasema ameishia hapa?"

Shangazi alinipigia simu kunieleza. Yeye hakucheka. Mimi nilicheka, akakata simu. Na jirani hakuliacha. Tangu hapo mtu yeyote akiaga pale barazani anaulizwa, "Ndiyo umeishia hapa?"

Ilipofika Idi nilikwenda Kibuta, kwa bodaboda kupitia Kiluvya, nikafika nimebadilika rangi kwa vumbi. Nikauwasha ule mpangilio niliouzima. Kazi ya dakika moja. Niliona aibu jinsi ilivyokuwa fupi. Nikafunga faili, nikafungua: palepale. Shangazi akanishika kichwa kama ananibariki. Jirani akasema, "Kumbe mtoto anajua."

Sikuwa hata nimemaliza kufua nguo za safari.

"Marahaba. Imenirudisha."

Haikunichukua muda kuelewa, ila ilinichukua muda kukubali. Kihariri kilikuwa kinahifadhi mahali wakati wa kufungwa. Ukikifunga vizuri, kwa adabu, kinaandika pembeni: huyu ameishia mstari fulani. Betri ya kompyuta ya shangazi ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Na kule kwake anayefunga kompyuta si mtu, ni umeme. Unakatika, kioo kinakuwa cheusi, hakuna kuaga. Maandishi yenyewe yalikuwa salama kwa sababu alikuwa na mkono wa kuhifadhi kila baada ya sentensi. Kilichopotea ni mahali. Aliyeiandika programu ile, popote alipo, nadhani anaishi sehemu ambayo umeme ukiwaka umewaka.

Nikaandika kipande cha programu cha kuhifadhi mahali kila kijiti kinaposogea. Nikamtumia kwa simu, akamwomba kijana wa steshenari amwekee. Kikafanya kazi. Kisha kikaacha. Kisha kikafanya kazi tena Jumatano na kugoma Alhamisi. Hakuna kinachonitia wazimu kama kitu kinachoharibika kwa zamu. Kikiharibika moja kwa moja nakipenda, najua adui yuko wapi. Nilimwuliza maswali mpaka akaanza kunijibu kama yuko polisi.

"Ulipoiwasha ulifanya nini kwanza?"

"Niliketi."

"Halafu?"

"Nikaweka flashi."

"Ukaiweka wapi?"

"Wapi tena? Kwenye tundu. La kushoto limelegea, siku nyingine nalibembeleza, siku nyingine naiweka kulia."

Hapo nikaweka paji la uso mezani. Riwaya ilikaa kwenye flashi kwa sababu kompyuta hakuiamini. Na kompyuta ilikuwa inaipa flashi jina la herufi moja ikiingilia kushoto na la herufi nyingine ikiingilia kulia. Programu yangu ilikuwa inalikumbuka faili kwa njia lililopitia. Faili lilelile, jina lilelile, maneno yaleyale, lakini kwa kuwa leo limepita upande mwingine, programu inaapa haijawahi kuliona. Na hili la kijinga sikuandikiwa na mtu wa mbali mwenye umeme wa uhakika. Hili niliandika mimi.

"Basi tumia la kulia tu, shangazi. La kushoto usiliguse kabisa."

"Umekuwa mganga sasa. Kulia ruhusa, kushoto mwiko. Na kuku je, nichinje wa rangi gani?"

Alilitii sharti lile, na bado haikutosha. Sasa kijiti kilirudi kwenye mstari wenyewe, ila mstari huo ulikuwa unatokea chini kabisa ya kioo, na juu yake kumejaa mistari ya nyuma. Kwa macho yake alichokiona ni aya aliyoiandika siku nyingi. Kijiti kule chini hakukiona. Akaamua mashine imekosea, akaanza kupanda kutafuta, na akipanda anakutana na sentensi, na akikutana na sentensi mnajua. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mahali ni vitu viwili: pale mkono ulipokuwa na pale macho yalipokuwa. Mimi nilirudisha mkono tu.

Mtu mzima mwenye akili timamu angerekebisha hilo moja, akatuma, akaenda kula. Mimi niliamua kuandika kihariri kizima upya.

Nilijiambia ni kwa ajili yake. Nilikaa kwenye chumba kile cha uani miezi, nikikataa kazi za wateja, mama akipitisha sahani ya chakula mlangoni na kuangalia kioo changu. Nilitaka kihariri kinachokumbuka kijiti na kioo, vyote viwili, mpaka ukubwa wa herufi. Kisichojali flashi imeingilia wapi. Halafu wasiwasi ukaanza kuzaa. Je, kijana wa steshenari akilifungua faili na kugonga kitufe kwa bahati mbaya, mistari ikaongezeka juu? Namba ya mstari itakuwa ya uongo. Basi kihariri kikumbuke maneno yaliyozunguka kijiti, kiyatafute. Je, maneno hayo yakiwepo sehemu mbili? Je, akiwa amefuta sentensi yenyewe? Je, umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi mahali, mahali penyewe pakiharibika? Nikaandika programu ya kuhifadhi mahali mara mbili, moja ikiwa mpya na moja ya akiba. Nikaandika programu ya kujaribu programu hiyo. Kila nikimaliza, nilikuwa naanza tena kusoma kazi yangu kutoka mstari wa kwanza, na njiani naona kipande nilichokipa jina lisilonipendeza.

Naam. Niliona. Nilijua kabisa ninafanya kile kile ninachomhangaikia yeye, na kujua hakukunisaidia hata kidogo. Niliendelea kubadilisha majina.

Simu zake zikapungua. Nitasema ukweli: nilipumua. Nilijiambia anapumzisha macho.

Aliyepiga safari hii alikuwa jirani.

"Wewe fundi," akaanza, hata shikamoo hakuisubiri, "shangazi yako sasa anaandika pua imegusa kioo. Inaacha alama ya mafuta, mimi ndiye ninayefuta. Nimemwuliza mtoto wako yuko wapi, ananiambia anatengeneza. Unatengeneza nini huko, ndege?"

"Bado vitu vidogo, mama. Havijakamilika."

"Sikia. Huyu anapungukiwa macho, hapungukiwi programu. Leta hicho ulicho nacho, hata kama kina mguu mmoja."

Nilikwenda kesho yake na kihariri kilichokuwa na kasoro ninazozijua kwa majina. Rangi ya ukingo haikuwa sawa. Ukiikuza herufi haraka sana kioo kilikuwa kinaruka. Njiani nilikuwa nazihesabu kasoro hizo kama mtu anayekwenda kwa mkwe na kiraka.

Nilimkuta mezani, karibu na dirisha. Amekonda. Aligeuza uso kunielekea kidogo pembeni ya niliposimama, na hilo ndilo lililonivunja nguvu kuliko maneno ya jirani.

Nikaweka programu. Nikamwambia ashuke mpaka anapotaka kuendelea, aandike neno lolote, kisha tujaribu. Alishuka muda mrefu. Nilimwona akisita kwenye ukurasa wa kwanza, nikasema, "Pita, shangazi, tafadhali, pita tu," akaniambia, "Unanisukuma," lakini akapita. Alipofika sura ya tisa akaandika herufi moja, akaifuta. Kisha, kabla sijamwambia, akanyoosha mkono nyuma ya meza na kuchomoa waya ukutani.

Kioo kikafa. Nikapiga kelele. Jirani akacheka.

"Si ndivyo inavyokatika? Haya, tuone."

Akarudisha waya. Tukasubiri ile mashine kuwaka, na ilikuwa na uzito wake wa siku zote. Akaingiza flashi, kushoto, makusudi, akinitazama. Faili likafunguka. Palepale. Mstari katikati ya kioo, vilevile ulivyokuwa, kijiti kinapepesa mwishoni mwa neno la mwisho.

Nilimtazama nikisubiri anishike kichwa. Hakunishika. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, akasoma, akarudi nyuma kwenye kiti.

"Nirudishie ile ya zamani," akasema.

"Ipi?"

"Ile iliyokuwa inafungukia mwanzo."

Nilijua nikifungua mdomo nitamkosea heshima mtu aliyenibeba mgongoni. Miezi yote ile! Nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kama anajua nimekataa kazi ngapi.

"Sikukutuma ukatae kazi."

"Ulinipigia kila siku, shangazi. Kila siku, imenirudisha, imenirudisha!"

"Ilikuwa inanirudisha. Nilikuwa nalalamika. Kulalamika si dhambi."

Jirani akasema, "Msomee nesi alipoishia. Msomee asikie."

Shangazi hakusoma. Nikasoma mimi, kwa kuinama begani kwake. Nesi anarudi kutoka mjini, ameshuka kwenye pikipiki, anatembea kuelekea nyumbani kwake. Anaona watu wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye benchi chini ya paa la jirani. Hakuna anayemwita. Sentensi ya mwisho ilikuwa: Akaona viatu vingi mlangoni.

Baada ya hapo, weupe.

Ukoo wetu mzima unajua siku ile. Shangazi alikuwa amekwenda kliniki yake ya sukari, na mumewe akaanguka shambani asubuhi hiyo, akafariki hapohapo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpigia simu. Tulikuwa ndani tunamsubiri, na viatu vyangu vilikuwemo kwenye lile rundo. Tulimwona kupitia dirishani akisimama njiani, ameshika mfuko wa dawa, anatazama mlango. Alisimama muda mrefu. Hakuna aliyetoka.

"Kumbe umefika hapa lini?" nikamwuliza.

"Zamani. Kabla hujaja Idi."

Hivyo muda wote huo hakuwa amepotea njia. Alikuwa anafika pale, au anakaribia, halafu kesho mashine inamrudisha kwenye mvua na manyunyu, na yeye ananipigia simu amekasirika kweli, na kwa ukweli huohuo anashukuru kwamba hakulazimika kuandika kinachofuata. Mimi nilikuwa nimeziba mlango wake wa kutorokea kwa kazi ya miezi. Sikujua nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi, nikakasirikia kompyuta.

"Sikurudishii," nikasema. Nilikuwa sijazoea kumkatalia. "Macho yako hayana siku za kurekebisha mvua. Iache inavyofungukia."

"Unanipangia?"

"Nakupangia."

Jirani akapiga makofi mara moja, akanyamaza alipotazamwa.

Shangazi akavuta kiti mbele. Alikaa mikono juu ya kibodi bila kubonyeza kitu, vidole vimekaa kwenye vitufe vyake kama alivyofundishwa usichanani. Akaandika: Akavitazama. Akafuta. Akaandika: Akavijua viatu vya shemeji yake. Akafuta. Nilitamani kumwambia asifute, nikajizuia. Kisha akaandika polepole, akitamka kwa midomo bila sauti: Akavua vyake, akaviweka pembeni ya vile vingine, aka

Umeme ukakatika.

Safari hii hakuna aliyecheka. Feni ilimalizia mizunguko yake. Jirani aliyekuwa mlangoni akauliza, "Ameingia au hajaingia?"

"Ameshavua viatu," shangazi akasema.

"Sikuuliza viatu. Ameingia?"

"Umeme ukirudi ataingia."

Tulikaa. Nilianza kuwaza kama kipande kile cha mwisho kimehifadhiwa, kwa sababu hakuwa amefika mwisho wa sentensi, hakuwa amebonyeza kuhifadhi, na kipande cha kuokoa maneno ambayo hayajahifadhiwa nilikuwa nimekiandika juma lililopita tu na sikuwa nimekijaribu vya kutosha. Sikusema.

Umeme uliporudi, jua lilikuwa limehama dirishani. Aliwasha mwenyewe. Ukingo wa rangi mbaya ukatokea, kioo kikaruka kidogo kama nilivyojua kitaruka, nikafumba macho. Nilipofumbua, aliyakaribia maandishi mpaka pua ikagusa.

"Ipo," akasema. "Mpaka 'aka'."

Nikaanza kumweleza kuhusu ukingo, kwamba nitaurekebisha, na ile kuruka.

"Nyamaza, mwanangu. Na wewe huko mlangoni, nyamaza. Nataka kumwingiza ndani."